UZI: Kabla ya magenge, Port-au-Prince ilianguka. Tuzungumze ya 2010

#1 Mwashi wa Langoni (Lamu)

Asalaam aleikum jamaa, na wengine wote nawaamkia.

Tangu askari wetu wa kwanza wa Kenya washuke Haiti kukabili magenge mnamo Juni 2024, pale Mkunguni hapaishi maneno ya Port-au-Prince, mji mkuu wa nchi ile. Kila mtu amekuwa mjuzi wa magenge. Lakini ukiuliza mji ule ulifikaje hapo, wengi hurukia "umaskini" kisha wakaagiza kahawa nyingine. Mimi ni mwashi. Nimejenga kwa mawe na chokaa hapa kisiwani, na kwa zege kule bara. Mambo ya Januari 2010 nimeyafuatilia miaka mingi kwa jicho la fundi, na nataka kuyaweka hapa.

Jumanne, 12 Januari 2010, saa kumi na moja kasoro dakika saba jioni kwa saa zao, ardhi ilitikisika kwa nguvu ya 7.0. Kitovu kilikuwa karibu na mji wa Léogâne, kilomita 25 hivi magharibi mwa mji mkuu, na kina chake kilomita 13 tu chini ya ardhi. Hicho kina ndicho cha kutazama. Tetemeko la kina kirefu hufika juu limekwisha kupungua makali. Hili lilifika na makali yake yote, chini ya mji wenye watu zaidi ya milioni mbili, saa ambayo watumishi wa serikali wangali ofisini na wanafunzi wa zamu ya jioni wangali darasani.

Ilichukua nusu dakika na ushei. Ikulu ilikaa chini. Bunge, kanisa kuu, karibu wizara zote, vyote vilianguka. Askofu mkuu Joseph Serge Miot alifariki. Hoteli ya Christopher, makao ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa, iliporomoka na mkuu wa ujumbe huo, Hédi Annabi wa Tunisia, akiwa ndani. Rais René Préval alinusurika, lakini serikali yake ikawa yakutana katika kituo cha polisi karibu na uwanja wa ndege. Gereza kuu lilibaki wazi, wafungwa kama elfu nne wakaingia mjini. Wale wanaosema magenge yameanza juzi, hapo pana pa kuanzia.

Waliokufa? Serikali ilitangaza zaidi ya 300,000. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba walipata nusu ya hiyo, na wengine chini ya nusu. Kaunti yetu nzima ya Lamu ilihesabiwa watu 143,920 mwaka 2019. Basi pima mwenyewe.

Ninachotaka kusema katika uzi huu ni kwamba watu waliouokoa mji ule na ambao wangeweza kuujenga tena walikuwa mle mle ndani yake, na karibu hakuna aliyewauliza kitu. Nitaeleza. Mwenye swali aulize.

#2 Pwani Tulivu (Malindi)

Ami, shukran kwa uzi. Lakini mimi nilisikia wale waliingia mkataba na shetani zamani walipowafukuza Wafaransa, ndiyo maana hawaoni raha mpaka leo. Hilo walionaje?

#3 Mwashi wa Langoni (Lamu)

Pwani Tulivu, hayo aliyasema mhubiri mmoja wa televisheni kule Marekani, Pat Robertson, kesho yake tu, maiti zingali barabarani. Sisi tusiyabebe.

Wacha nikupe la kupimia. Tarehe 27 Februari mwaka ule ule, Chile ilipigwa na tetemeko la 8.8. Nguvu iliyotoka ardhini ni karibu mara mia tano ya ile ya Haiti. Chile walikufa mia tano na ushei, na sehemu yao walichukuliwa na bahari. Kama ni laana, basi laana hiyo yapimwa kwa kokoto na kwa ringi, zile pete za chuma zinazofunga vyuma vya nguzo. Chile walikwisha kupigwa vibaya sana mwaka 1960, wakaandika sheria ya ujenzi na wakaisimamia. Port-au-Prince tetemeko la mwisho kuubomoa mji lilikuwa 1770. Hapakuwa na babu wa kusimulia. Wanajiolojia, akina Eric Calais na Paul Mann, walionya mwaka 2008 kwamba ufa unaopita karibu na mji umebeba nguvu ya kutosha tetemeko kubwa. Serikali iliwasikiliza, lakini kumsikiliza mtu na kuwa na pesa ya kuimarisha shule na hospitali ni vitu viwili.

Sasa tuingie kwenye zege, maana hapa ndipo penye mambo.

Mchanga. Mafundi wengi walitumia mchanga mweupe wa mlimani, wa machimbo ya La Boule, juu ya mji. Ni chokaa iliyosagika, una vumbi jingi, simiti haiushiki vizuri. Matofali ya tundu yalifyatuliwa uani kwa mkono, simiti kidogo, yakaanikwa juani bila kumwagiwa maji. Ukilibonyeza kwa kidole kwenye pembe lamomonyoka. Msicheke, yapo ya namna hiyo Mokowe na yapo Malindi.

Vyuma. Vyembamba na laini, visivyo na mikato ya kushika zege. Ringi zimeachana mno, na ncha zake hazikukunjwa kuingia ndani ya nguzo. Nguzo yenye ringi kama hiyo ikitikiswa, chuma chafunguka, zege lamwagika, na slebu, yaani bamba la zege la sakafu au paa, yashuka nzima nzima juu ya slebu iliyo chini yake. Hapo hapabaki hata uwazi wa mtu kujificha.

Paa. Hili huwashangaza wengi: mapaa mazito ya zege yalikuwa ni akili, si ujinga. Haiti ni nchi ya vimbunga. Mwaka 2008 peke yake walipigwa na vinne, Fay, Gustav, Hanna na Ike, ndani ya mwezi mmoja hivi. Mtu aliyeona bati la jirani likiruka aliweka slebu, akalala usingizi. Alijenga dhidi ya adui aliyemjua. Na akaacha vyuma vimesimama juu ya paa kungoja ghorofa ya mwanawe, kama tunavyoacha sisi.

Wala haikuhitaji tetemeko. Novemba 2008 shule ya La Promesse kule Pétionville ilianguka yenyewe, mchana, ikaua watu zaidi ya 90, wengi wao watoto. Mwenye shule alikuwa akiongeza ghorofa. Wakenya tuliliona la Huruma, Nairobi, Aprili 2016, kwa mvua tu.

#4 Binti Mkomani (Lamu)

Mwashi, kuna jambo umeliruka na ni zuri kwetu sisi wa nyumba za zamani. Baada ya matetemeko ya 1751 na 1770 watawala wa Kifaransa waliwaamuru watu wa mji ule wajenge kwa mbao badala ya mawe. Baadaye, mwisho wa karne ya 19, matajiri wakajenga zile nyumba za mbao zenye nakshi, ziitwazo Gingerbread, mitaa ya Pacot, Turgeau na Bois Verna. Mbao zake zimeungana kama fremu, zayumba bila kukatika. Mwaka 2010 nyingi zilisimama. Zilichubuka, plasta ilidondoka, lakini waliokuwa ndani walitoka kwa miguu yao. Nyumba ya zege ya miaka kumi iliyo jirani imelala chini.

Ila isije ikachukuliwa kwamba cha kale ndicho bora siku zote. Nyumba zetu za Mkomani zina kuta za matumbawe nene, boriti za mikoko, na dari nzito la mawe na chokaa. Zimedumu karne kwa sababu hapa ardhi imetulia. Ukuta wa mawe usiofungwa kwa kitu chochote, ukitikiswa ubavuni, hufunguka.

#5 Mwashi wa Langoni (Lamu)

Binti Mkomani, maneno yako nayaunga mkono yote. Na wale wanaoziba madaka, vile vishubaka vya ukutani, kisha wakapandisha slebu ya zege juu ya ukuta wa mawe na udongo, eti hoteli ya ghorofa nne, wasome hapo mara mbili.

#6 Sista wa Maweni (Malindi)

Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi ni muuguzi, na la Haiti tulifundishwa kama somo la dharura, kwa hiyo niongeze upande wa hospitali.

Watu hufikiri tetemeko huua pale pale. Wengi hufa baadaye. Mguu ukikandamizwa na zege kwa saa nyingi, misuli hufa. Siku ukiondoa lile jiwe, sumu ya misuli na potasiamu huingia kwenye damu kwa mara moja. Figo huziba, moyo husimama. Mtu ametolewa akiongea, akashukuru, akaomba maji, na baada ya saa kadhaa amefariki. Dawa yake ni kumwekea dripu akiwa bado chini ya kifusi, na baadaye mashine ya kusafisha damu. Port-au-Prince dripu zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Ndiyo maana miguu na mikono mingi ilikatwa siku zile, mingine kwa misumeno ya chuma, kwenye nyua za hospitali.

Na wa kutibu walikuwa chini pia. Shule ya wauguzi iliyokuwa kando ya Hospitali Kuu ilianguka na wanafunzi ndani. Hospitali ya Trinité ya shirika la Madaktari Wasio na Mipaka iliporomoka. Waliokuwa tayari kazini ni madaktari wa Kuba, mamia yao, waliokuwako nchini kabla ya tetemeko. Jamhuri ya Dominika, jirani waliyegombana naye miaka na miaka, ndiyo iliyofika mapema na maji na magari ya wagonjwa.

Uwanja wa ndege una njia moja tu ya kurukia. Mnara wa kuongozea uliharibika, Wamarekani wakachukua usimamizi, na bandari ilikuwa imevunjika gati. Ndege iliyobeba hospitali ya kupuliza ya hao hao Madaktari Wasio na Mipaka ilinyimwa ruhusa ya kutua, ikaelekezwa Jamhuri ya Dominika, na vifaa vikaja kwa lori, vimechelewa siku nzima. Mwenye mgonjwa wa figo anajua maana ya siku moja.

#7 Abuu Shela (Lamu)

Innaa lillaahi. Dada, na maziko yalikuwaje kwa idadi hiyo?

#8 Sista wa Maweni (Malindi)

Malori ya serikali yalizoa maiti barabarani na kupeleka Titanyen, kaskazini mwa mji, kwenye mashimo yaliyochimbwa kwa tingatinga. Hapakuwa na majina wala picha. Familia nyingi hazijui mtu wao amelala wapi. Na hili nataka lisomwe na kila mtu: maiti za tetemeko hazileti ugonjwa wa mlipuko. Waliokufa kwa kifusi hawakuwa wagonjwa. Shirika la Afya Duniani hulisema kila msiba mkubwa ukitokea, na kila mara watu huzikwa haraka haraka kwa hofu hiyo. Palikuwa na nafasi ya kuwapiga picha japo nyuso, na kuwapa namba.

#9 Abuu Shela (Lamu)

Allah awarehemu. Bila kafani, bila jina. Hilo limeniuma kuliko hesabu ya Mwashi.

#10 Kijana wa Ramani (Malindi, kwa sasa Nairobi)

Wazee wangu, hapa Kenya ina mkono wake na hamjautaja.

Mnakumbuka Ushahidi, ile programu iliyoundwa hapa mwaka 2008 wakati wa fujo za uchaguzi, watu wakituma ujumbe wa yanayotokea kwao na yakaonekana kwenye ramani? Saa chache baada ya tetemeko, wanafunzi wa chuo cha Tufts karibu na Boston, Marekani, waliifungua kwa ajili ya Haiti, wakiongozwa na Patrick Meier. Kisha ikapatikana namba fupi ya simu, 4636, bure. Mtu aliye chini ya kifusi au mwenye watoto wasio na maji alituma ujumbe kwa Kikrioli, lugha ya Wahaiti. Wahaiti walioko Marekani, Kanada na kwingineko waliusoma, wakautafsiri, wakatafuta mtaa wenyewe uko wapi, wakauweka kwenye ramani.

Ramani yenyewe haikuwako. Mitaa ya mabanda ya Port-au-Prince ilikuwa nafasi tupu kwenye ramani za dunia. Wanajeshi na waokoaji walipofika hawakuwa na njia ya kujua uchochoro upi unatokea wapi. Watu wa kujitolea wa OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na yeyote, kutoka kila bara, walichora barabara kwa kutazama picha za setilaiti, na kwa muda wa wiki chache ramani yao ikawa ndiyo bora kuliko zote.

Lakini niseme na doa lake, maana mimi ndiyo kazi yangu. Ujumbe mwingi uliofika haukuwa "nimefukiwa". Ulikuwa "tunahitaji chakula, tunahitaji hema". Na mashirika makubwa yalikuwa na orodha zao. Ramani iliwaonyesha watu walipo, haikumlazimisha mtu kwenda.

Na uokoaji wenyewe ulifanywa na nani? Timu za nje, zenye mbwa na mitambo, zilitoa watu mia na ushei, au mia mbili kwa hesabu ya juu. Wengine wote, maelfu kwa maelfu, walitolewa na jirani mwenye nyundo na jeki ya gari. Picha za televisheni zilionyesha zile mia.

#11 Mtu wa Barani (Malindi)

Mnazunguka tu. Pesa walikula. Serikali ya Haiti ni wezi, mwisho wa habari. Mabilioni yalitumwa, yako wapi?

#12 Mwashi wa Langoni (Lamu)

Mtu wa Barani, nilikuwa nakungoja. Swali lako ni la haki, ila jibu ulilojipa si lake.

Hasara ilikadiriwa dola bilioni 7.8, zaidi ya pato la nchi nzima kwa mwaka. Tarehe 31 Machi 2010, mkutano wa wafadhili New York uliahidi dola bilioni 5 na ushei kwa miaka miwili ya mwanzo. Pesa ya dharura iliyotoka kweli, ile iliyopitia mikononi mwa serikali ya Haiti haikufika senti moja katika kila dola. Mashirika ya Kihaiti yenyewe yalipata kidogo kuliko hapo. Sasa mtu asiyeguswa na pesa huiba vipi? Sisemi ni malaika. Nasema hata kama angekuwa malaika, hakupewa kitu cha kushika.

Pesa ilikwenda kwa majeshi yaliyokuja, kwa mashirika makubwa, na kwa makampuni ya ukandarasi ya huko huko zilikotoka. Iliundwa tume ya kusimamia ujenzi, wenyeviti wake wawili: Bill Clinton, rais wa zamani wa Marekani, na waziri mkuu wa Haiti, Jean-Max Bellerive. Kabla mwaka haujaisha wajumbe wa Kihaiti waliandika barua kulalamika kwamba hawaelezwi chochote, wamo kupiga muhuri. Muda wa tume ulikwisha Oktoba 2011 na haukuongezwa.

Msalaba Mwekundu wa Marekani ulichangiwa karibu dola milioni 500. Mwaka 2015 waandishi wa ProPublica na NPR, vyombo vya habari vya huko huko, waliripoti kwamba nyumba za kudumu ulizojenga ni sita. Shirika lilijitetea kwamba limesaidia makao ya watu zaidi ya 130,000, kwa ukarabati, mabanda ya muda na kodi za nyumba. Haya, tukubali na hilo. Lakini mimi fundi ukinipa hesabu ya kodi na mabanda nikikuuliza nyumba, umenijibu swali jingine.

Na mradi uliopigiwa ngoma kuliko yote ulikuwa uwanja wa viwanda wa Caracol, uliofunguliwa Oktoba 2012. Uko pwani ya kaskazini, ng'ambo ya milima, mahali ambapo tetemeko halikubomoa kitu. Walihamishwa wakulima ili kiwanda cha nguo kipate kiwanja. Wa Lamu mtaelewa bila mimi kumalizia.

Kilichoniuma zaidi kama mwashi ni hiki. Wizara yao ya ujenzi ilituma wahandisi wa Kihaiti kupita nyumba kama 400,000, moja moja, wakipiga rangi: kijani ingia, manjano yatengenezeka, nyekundu usiingie. Kazi nzuri mno, na ya gharama ndogo. Nyumba nyingi zilikuwa kijani na manjano! Wangewapa wenye manjano simiti, vyuma na fundi aliyefundishwa wiki mbili, watu wengi wangetoka kwenye mahema mwaka ule ule. Ilifanyika kidogo, ilipofanyika ilifaulu, lakini pesa ilipenda mahema na mabanda ya mbao kwa sababu ni rahisi kuyahesabu kwenye ripoti. Mwenye manjano alingoja, akachoka, akaziba ufa kwa plasta akarudi ndani. Hata wa nyekundu walirudi.

#13 Pwani Tulivu (Malindi)

Zile X nyekundu za barabarani kwetu kumbe zina ndugu.

#14 Binti Mkomani (Lamu)

Mwashi, ongeza ardhi. Bila ardhi hadithi haikai sawa.

Kilele chake watu milioni moja na nusu walikuwa kwenye kambi, zaidi ya elfu moja, kubwa na ndogo. Walilala mbele ya Ikulu, uwanja wa Champ de Mars, na kwenye kiwanja cha gofu cha Pétionville. Kuna waliouliza kwa nini hawakujengewa haraka. Wajengewe wapi? Wengi walikuwa wapangaji, hawakuwa na kiwanja hata kabla. Wenye viwanja hawakuwa na hati, na penye hati zilikuwa mbili tatu za kiwanja kimoja, na ofisi ya kumbukumbu yenyewe imeanguka na karatasi zake. Kifusi chenyewe, mita za ujazo kama milioni kumi, hakikuweza kusombwa mahali ambapo hajulikani mwenye kuruhusu.

Aprili 2010 wakahamisha maelfu kutoka kiwanja cha gofu mpaka Corail-Cesselesse, uwanda mkavu wa mawe nje ya mji, hauna mti, hauna kazi. Julai dhoruba moja ikang'oa mahema. Lakini pembeni yake watu wengine, bila kuitwa na shirika lolote, walikwenda wakapima viwanja kwa kamba, wakaacha nafasi ya barabara, ya kanisa na ya shule, wakapaita Kanaani. Ikawa makazi ya zaidi ya watu laki mbili. Hakuna mfadhili aliyeichora. Ina matatizo yake, maji ya lori, magenge sasa, lakini ni mji uliojengwa na waliobomokewa, kwa pesa zao na za ndugu zao walioko ng'ambo.

Na kambini wanawake waliteseka kwa njia nyingine. Hema halina komeo, choo kiko mbali, taa hakuna. Vikundi vya wanawake wa mitaa, waliobakwa wenyewe miaka ya nyuma wakajipanga, ndio waliogawa firimbi na tochi na kulinda usiku. Mikutano ya mashirika ilikuwa kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa, kwa Kiingereza, getini panaulizwa kitambulisho. Wao wanasema Kikrioli.

#15 Nahodha Ngomeni (Malindi)

Mimi msitari wangu ni bahari. Desemba 26, 2004 tetemeko la Sumatra lilituma maji mpaka kwetu, mwendo wa saa nyingi. Hapa Malindi bahari ilitoka na kuingia kama maji kupwa na maji kujaa yamegongana saa moja. Kenya tulipoteza mtu mmoja. Somalia walikufa karibu mia tatu, na wao wako mbele yetu tu hapo. Tofauti ni kwamba habari zilikuwa zimefika, na kulikuwa na watu ufuoni wa kufukuza waogaji. Na wavuvi waliokuwa nje ya miamba walikaa huko huko kwenye maji marefu.

Hata Haiti ile ya 2010 bahari iliingia, upande wa Léogâne, ikachukua watu wachache. Basi anayeishi ufuoni akihisi ardhi yatikisika asisubiri king'ora. Agosti 12, 2020 lilipopiga lile la 6.0 karibu na Mafia, Mombasa walihisi majumbani, na watu walikwenda ufuoni kutazama! Watu wazima.

#16 Sista wa Maweni (Malindi)

Nahodha hahaha, na simu mkononi wakipiga video.

Nirudi na kipindupindu, maana uzi wa Haiti bila hicho ni nusu. Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko, ugonjwa ulizuka kwenye bonde la mto Artibonite, si kwenye kambi za mji mkuu. Haiti haikuwa na kumbukumbu ya kipindupindu kwa zaidi ya miaka mia. Daktari Mfaransa, Renaud Piarroux, alifuata nyayo zake mpaka karibu na Mirebalais, kwenye kambi ya walinda amani kutoka Nepal, ambako maji ya vyoo yalikuwa yakiingia mtoni. Vipimo vya maabara vikaonyesha kijidudu ni kile kile cha Nepal. Waliougua walipita laki nane, waliokufa karibu 10,000. Umoja wa Mataifa ulikana, kisha ukajifunika kinga ya kisheria, na katibu mkuu wake, Ban Ki-moon, akaomba radhi Desemba 2016, akikaribia kuondoka ofisini.

Kambi za Port-au-Prince mwanzoni hazikuumia kama vijiji, kwa sababu huko maji yalikuwa yanaletwa na lori yametiwa klorini. Mwenye mto peke yake ndiye aliyekufa. Kwetu kila mafuriko ya mto Sabaki naliwaza hilo.

#17 Mtu wa Barani (Malindi)

Sawa, nimesoma yote. Swali moja: kuna mahali popote maskini palipofanya vizuri, au ni kulalamika tu?

#18 Kijana wa Ramani (Malindi, kwa sasa Nairobi)

Nepal yenyewe. Aprili 25, 2015 walipigwa na 7.8, wakafa karibu 9,000. Serikali ilichelewa, siasa zikaingia, majira ya baridi yakapita watu wako chini ya mabati. Lakini mpango waliokuja nao ulikuwa kumpa mwenye nyumba rupia 300,000 kwa awamu tatu. Unamaliza msingi, mhandisi anakuja kutazama, unapata awamu ya pili. Ukikosea kufunga ukuta hupati. Mamia ya maelfu ya nyumba zilijengwa na wenyewe na mafundi wa kijijini waliopewa mafunzo. Katmandu mjini mambo yalikuwa magumu zaidi, viwanja vidogo, warithi wengi, hela haitoshi. Ila ni nchi maskini, na pesa ilipita mkononi mwa mwenye nyumba.

#19 Jirani Wiyoni (Lamu)

Mwashi samahani nikutoe kidogo kwenye Haiti. Nina nyumba ya chini, mawe ya timbo, nataka kupandisha moja kwa ajili ya kijana wangu anayeoa. Fundi ameniambia ringi futi moja moja zatosha, na mchanga atachota ufuoni kwa punda, bei rahisi. Kwa haya mliyoandika nimeingia baridi.

#20 Mwashi wa Langoni (Lamu)

Jirani, mchanga wa ufuoni mkatalie leo hii. Chumvi hula chuma ndani kwa ndani, miaka kumi zege lapasuka lenyewe bila tetemeko. Nunua wa bara, na uusugue kiganjani: ukiacha tope jeupe, rudisha.

Ringi futi moja katikati ya nguzo kwa nyumba ndogo wengi hufanya. Lakini juu na chini, pale nguzo inapokutana na boriti ya zege, zibane ziwe karibu nusu ya hapo au chini yake, na ncha zikunjwe ziingie ndani kwenye moyo wa nguzo, zisiishie ubavuni. Chuma chenye mikato, si laini. Pitisha mkanda wa zege kuzunguka kuta zote kabla ya slebu. Zege limwagiwe maji siku saba, na kama una subira fanya zaidi.

Na kabla ya yote, msingi. Nyumba iliyochimbiwa kubeba chumba kimoja usiitwishe viwili kwa sababu ya harusi. Kanuni mpya za ujenzi za 2024 zimechukua mahali pa zile za 1968, kwa hiyo pitisha ramani kaunti, wasikukute baadaye. Chimba shimo moja pembeni mwa ukuta ufikie chini ya msingi, piga picha, niletee kibarazani baada ya Alasiri.

#21 Jirani Wiyoni (Lamu)

Nitachimba Jumamosi. Na fundi nije naye?

#22 Mwashi wa Langoni (Lamu)

Njoo naye. Asije na punda.